Kupokea Nako ni Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Tunaoandika ukurasa huu ni ndugu wawili, kaka na dada, tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa hii tangu hatujui alifu wala be. Walimu wetu wametuomba tuandike jambo moja tulilojifunza ambalo litawafaa wadogo zetu. Tulikaa, tukashauriana, tukakubaliana kuandika juu ya jambo tulilofundishwa na watu ambao mpaka leo hatuyajui majina yao. Jambo lenyewe ni kupokea.

Huenda mtashangaa. Kutoa ndiko tunakofundishwa kila siku, na inafaa iwe hivyo. Lakini kupokea, nani asiyejua? Si kunyoosha mkono tu? Sisi tunasema hapana. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tumejifunza kwamba kupokea nako ni moyo, na kuna watu wema wengi, wenye kuswali na kufunga, ambao moyo huo hawana. Baba yetu alikuwa mmoja wao. Tunaandika haya kwa idhini yake.

Tulikulia hapa hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12. Baba ni seremala. Hakuwa tajiri, lakini mkono wake ulikuwa wazi. Kila Ramadhani sisi ndio tuliobeba sinia la futari kupeleka msikitini kwa wasafiri na wapita njia. Mtu akifiwa mtaani, Baba ndiye wa kwanza kuleta mbao za jeneza, na hakudai kitu. Tulijivuna kuwa watoto wake.

Ila Baba alikuwa na neno lake moja: "Sisi si watu wa kulishwa." Jirani akileta bakuli la mchuzi, Mama alilazimika kulirudisha siku ile ile, na ndani yake kuna kitu kizuri kuliko kilicholetwa. Ni ada yetu watu wa pwani kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu, na ni ada nzuri. Lakini kwa Baba haikuwa ada tena, ilikuwa kama kulipa deni kabla jua halijatua. Akiulizwa, alisema Mtume (S.A.W.) ameusifu mkono wa juu kuliko mkono wa chini, na mkono wake yeye utakuwa wa juu mpaka aingie kaburini. Nani angembishia? Hadithi ni sahihi.

Juni 2013, mwezi wa Shaabani, shule zikiwa zimefungwa, mdogo wetu alianguka kutoka juu ya mwembe. Alikuwa na miaka 11. Mfupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Tukaambiwa kazi ile ni ya Dar es Salaam, afanyiwe upasuaji. Mama alikuwa na kichanga cha wiki tatu, hakuweza kusafiri. Kwa hiyo Baba alituchukua sisi wawili, mmoja wa miaka 16 na mmoja wa miaka 14, tukamsaidie kumuuguza. Fedha zake zote alizishonea ndani ya koti.

Ndani ya basi watu waliokaa kiti cha nyuma walisimama wenyewe ili mdogo wetu alazwe, kwani mguu ulikuwa umefungwa plasta ngumu na haukunjiki. Baba alitoa pochi awalipe nauli ya viti vyao. Wakacheka, wakakataa. Baba hakucheka. Tulipofika Muheza, wauza machungwa walilizunguka basi kama kawaida yao. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alinunua machungwa kupitia dirishani, akatugawia sisi watoto moja moja, na la mgonjwa akaanza kulimenya yeye mwenyewe. Baba akatuambia kwa sauti ya chini, "Rudisheni." Tukayarudisha. Yule mzee aliyapokea machungwa yake, akayatazama, akayatia mfukoni. Hakusema neno. Kutoka pale mpaka Segera, na kutoka Segera mpaka Chalinze, hakugeuka tena nyuma kututazama. Sisi tulidhani Baba amelinda heshima ya nyumba. Uso wa yule mzee tulikuja kuuelewa baadaye.

Dar es Salaam tulifikia kwa shangazi yetu Buguruni, mgonjwa naye, chumba kimoja. Kila alfajiri tulitoka kwa miguu kwenda hospitali, ili kupunguza nauli. Nje ya geti la hospitali alikuwapo mama mmoja muuza uji na vitumbua, ana benchi moja na sufuria mbili. Shingoni alivaa msalaba mdogo. Kila siku tulinunua kikombe kimoja tu cha uji, cha mgonjwa. Sisi na Baba tulikuwa tukisema tumeshakula. Kumbe yule mama alikuwa anahesabu.

Siku ya nne, tulipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku anamimina vikombe vinne.

"Hatukuagiza hivyo, mama," Baba akasema.

"Najua hamkuagiza. Hivi vitatu ni vyenu. Kaeni mnywe."

"Asante, lakini sisi si watu wa kulishwa."

Yule mama akaweka upawa chini. "Baba yangu, nimeuza uji mahali hapa miaka mingi. Watu wa kulishwa mimi siwajui. Nawajua watu wenye mgonjwa tu."

Baba alichukua kikombe kimoja, akalipa, akatuongoza ndani. Vile vitatu vilibaki juu ya benchi vinatoa moshi. Tunakiri mbele yenu kwamba siku ile njaa ilituuma kiasi cha kumchukia baba yetu kwa dakika chache. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Kesho yake daktari alimwita Baba, akamwambia upasuaji hauwezi kufanyika mpaka damu iwe tayari. Ndugu watafutwe wachangie. Baba akakunja mkono wa shati palepale. Wakampima, presha yake ikaonekana iko juu sana, wakamkatalia. Sisi tukajitokeza, tukaambiwa mchangia damu lazima awe ametimiza miaka 18. Shangazi ni mgonjwa. Mumewe alipimwa uzito, hakufika kilo 50 zinazotakiwa. Jamaa tuliokuwa nao mji ule wakaishia hapo.

Basi Baba akakaa kwenye kiti cha ubao nje ya wodi. Mji ule una mamilioni ya watu, na kila mmoja damu inamtembea mwilini. Kilichokuwa kinatakiwa ni kusema tu, "Jamani, nisaidieni." Baba hakuweza. Tulimwona anafungua mdomo kila kijana mwenye afya anapopita, kisha anaufunga. Alikuwa tayari kuuza koti lake, vyombo vyake vya useremala, hata nyumba. Lakini hapakuwa na cha kununua. Tuliogopa. Kwa mara ya kwanza tuliona kwamba mkono usiojua kupokea unaweza kumuua mtu, na mtu mwenyewe si yule mwenye mkono, ni mtoto wake.

Tulitoka bila kumuaga. Tulikwenda kwa yule mama wa uji, tukashindwa kusema, tukalia tu. Akatupa maji, akasubiri. Tulipomweleza, hakutoa pole nyingi. Aligeukia kijiwe cha bodaboda kilichokuwa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Wanangu, kuna dogo ndani anataka damu. Nani yuko vizuri?"

Walikuja watatu. Hatukuwajua na wao hawakutujua. Mmoja alirudishwa, wawili wakatoa. Baba alipotoka nje akawakuta wamekaa kwenye benchi, kila mmoja amebana pamba kwenye kiwiko. Tulipomwambia ni akina nani, alishika koti lake pale penye mshono.

"Nitawalipaje wanangu?"

Mmoja akamjibu, "Mzee, damu haiuzwi." Alisema bila majivuno, kama mtu anayekuelekeza njia. Na ni kweli, katika nchi yetu damu ya kuchangia haiuzwi wala hainunuliwi. Mwenzake akaongeza, "Msalimie dogo," wakavaa helmeti zao, wakaenda kuwahi abiria.

Hapo ndipo yule mama alipokuja na vikombe vitatu. Safari hii hakuviweka kwenye benchi. Alisimama navyo mbele ya Baba, akasema maneno ambayo sisi wawili tumeyahifadhi kama tunavyohifadhi sura fupi.

"Baba, mimi jirani zangu ni Waislamu. Kila Idd wananiletea pilau. Napokea, nakula, nawaombea kwa Mungu. Sijawahi kuwaambia mimi si mtu wa kulishwa. Sasa wewe nikikupa uji, unga na maji na sukari, hamna kingine, unaukataa. Au mimi ndiye sistahili kukupa?"

Baba alimtazama. Sisi tukamkumbuka yule mzee wa machungwa, na Baba naye, alivyotuambia baadaye, alimkumbuka yeye huyo huyo. Miaka yote alidhani anapokataa anajizuia yeye asiwe chini. Hakujua kwamba anawasukuma wengine chini. Alikuwa amejikalia kileleni peke yake, anawaambia watu wote: mimi naweza kukufaa wewe, wewe huna cha kunifaa mimi. Kiburi kinaweza kuvaa nguo ya ukarimu, mwenyewe asijue.

Alikaa kwenye benchi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Bismillahi," akanywa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, dada yangu. Mungu akulipe." Basi. Hakutaja bei.

Jioni muuguzi mmoja alitueleza jambo jingine. Alisema damu ya wale vijana haiendi moja kwa moja kwa mdogo wetu. Inapimwa kwanza kundi lake, inapimwa maradhi kama Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha inawekwa benki. Mgonjwa wetu atapewa damu iliyokwisha pimwa, ya kundi linalomfaa, iliyotolewa na mtu mwingine kabla. Na ya wale vijana itamfaa mgonjwa mwingine. Maana yake ni kwamba aliyempa mdogo wetu damu yake hatumjui kabisa. Hatujui kama ni mwanamume au mwanamke, wa Dar au wa bara, anaswali au haswali. Baba aliuliza, "Kwa hiyo hata wa kumshukuru hayupo?" Muuguzi akatabasamu. "Mshukuru Mungu, mzee. Na ukipata nafasi, mfae mwingine."

Upasuaji ulifanyika, alhamdulillah, ukafanikiwa. Tulirudi Tanga siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

Lakini Baba hakutulia. Aliona huenda amevunja msimamo wake mbele ya Mwenyezi Mungu. Siku moja baada ya Alasiri alikuja hapa madrasani kumuuliza Maalim wetu mkuu, nasi tulikuwapo tukifagia barazani, tukasikia yote.

Maalim alimuuliza, "Hadithi ya mkono wa juu, unajua Mtume (S.A.W.) alimwambia nani?" Kisha akaeleza. Hakim bin Hizam (R.A.) alimwomba Mtume mali, akampa. Akaomba tena, akampa. Akaomba tena, akampa. Ndipo Mtume akamfundisha kwamba mali hii ni tamu, anayeitwaa kwa nafsi iliyokinai hubarikiwa, na anayeitwaa kwa uroho huwa kama mtu anayekula asishibe, na mkono wa juu ni bora. "Kinachokemewa hapo," akasema Maalim, "ni kuomba-omba na kutamani vya watu."

Baba akasema, "Lakini Maalim, Hakim aliapa tangu siku ile hatapokea kwa mtu yeyote, na akatimiza."

"Kweli," Maalim akajibu, "hiyo ni ahadi yake na daraja yake. Hata Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa khalifa alimwita achukue haki yake, akakataa, Umar akawashuhudisha watu kwamba amempa. Lakini sasa msikilize Umar mwenyewe." Akamsimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimpa Umar kitu, naye husema apewe mwingine aliye fukara zaidi. Mtume akamwagiza akichukue, na kwamba mali ikimjia mtu bila kuiomba wala kuichungulia, aichukue, na isiyomjia asiifuatishie nafsi yake. "Umar alikuwa hodari wa kutoa kuliko mimi na wewe," akasema Maalim, "na Mtume alimfundisha kupokea."

Kisha Maalim akatuita sisi tuliokuwa na mafagio, tukakaa. Akatusimulia kisa cha Nabii Musa (A.S.), kilichomo katika Suratul Qasas. Musa aliikimbia Misri akafika Madyan, mgeni, hana jamaa wala chakula. Akawakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, wanasubiri wachungaji wamalize, kwani baba yao ni mzee. Akawanyweshea. Kisha akaenda kukaa kivulini, akamwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Na kheri ikaja. Ilikuja kwa miguu ya mmoja wa wale wawili, anatembea kwa haya, akamwambia baba yake anamwita amlipe ujira wa kunywesha.

"Hebu fikirini," Maalim akasema. "Musa angeweza kujibu: mimi nimefanya kwa ajili ya Allah, rudi kwa baba yako. Angebaki kivulini na njaa yake na heshima yake. Alikwisha kumwomba Mola wake, na jibu limesimama mbele yake. Angelikataa jibu? Alikwenda. Akapata amani, akapata kazi, akapata mke. Tunaomba dua usiku, 'Ya Allah tusaidie,' asubuhi Allah anamtuma mtu na kikombe cha uji, tunamwambia sisi si watu wa kulishwa!"

Baba aliinamisha kichwa. Akauliza la mwisho, kwa sauti ndogo: "Na yule mama si Muislamu."

Maalim akamkumbusha Taif. Mtume (S.A.W.) alipofukuzwa na kupigwa mawe mpaka miguu ikatoka damu, alijisitiri katika bustani ya wana wa Rabia. Wakamtuma mtumwa wao Addas, Mkristo kutoka Ninawi, ampelekee zabibu mbichi. Kiumbe bora kuliko wote alinyoosha mkono wake, akasema Bismillahi, akala. Hakumuuliza kwanza yeye ni nani. Na bismillahi ile ndiyo iliyomshangaza Addas, yakaanza mazungumzo baina yao.

Ramadhani ile jirani yetu alileta bakuli la tambi, kama kila mwaka. Mama akaanza kutafuta cha kurudishia. Baba akamwambia, "Acha lilale." Bakuli lile lililala kwetu usiku mzima. Mtaona ni jambo dogo. Sisi tuliamka kula daku tukalitazama pale juu ya kabati kama kitu cha ajabu. Lilirudi siku ya tatu, lina visheti, kwa raha, wala si kwa deni. Yule jirani, bibi mjane ambaye miaka yote aliwahiwa kurudishiwa kabla hajapumzika, alimwambia Mama, "Leo nimejua tambi zangu mmezila."

Septemba Baba alimrudisha mdogo wetu Dar es Salaam kuangaliwa mguu, akamchukua mmoja wetu. Alibeba kigoda alichokichonga mwenyewe kwa mninga, chenye mgongo wa kuegemea. Yule mama wa uji alipokiona alifurahi, akakiweka chini, akakikalia palepale. Hakuuliza bei. Hakusema "usingejisumbua". Alisema, "Mungu akubariki, mgongo wangu ulikuwa unaniuma," akaendelea kumimina uji. Njiani kurudi, Baba alisema, "Mmeona mwenzenu anavyojua kupokea? Nimefurahi miye kuliko yeye." Ndipo akanyamaza kitambo. Tulijua anafikiri furaha aliyowanyima watu kwa miaka mingi.

Wale vijana wa bodaboda hatukuwakuta tena, kijiwe kilikuwa kimehamishwa. Na yule mzee wa machungwa hatukumwona asilani. Kila tukipita Muheza huwa tunanunua machungwa na kumgawia tuliyekaa naye karibu. Tunajua haliwi lile la mwaka 2013. Deni la wema uliokataliwa halilipiki. La wema uliopokelewa, angalau utaliombea dua.

Wadogo zetu, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mnyooshe mkono kwa watu. Kuomba bila dharura ni makosa. Hatusemi mpokee kitu kwa mtu yeyote anayewaita pembeni; mtoto akipewa kitu na asiyemjua, kwanza awaulize wazazi au mwalimu wake. Na zawadi anayopewa mtu kwa sababu ya cheo chake ili apindishe haki, hiyo ni rushwa, haipokelewi hata ikifungwa kwa hariri. Tunasema juu ya wema safi unaokujia nawe unauhitaji, au mwenzako anahitaji kukupa.

Ukikujia, upokee namna hii. Usiudharau kwa udogo wake, Mtume (S.A.W.) alikubali mwaliko na zawadi hata ya kitu duni. Mtazame usoni aliyekupa. Mshukuru, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Usikimbilie kulipa kama mtu anayetua mzigo wa moto. Ukiweza, siku nyingine mfae kwa kheri. Usipoweza, mwombee dua, na hayo ndiyo mafundisho ya Mtume wetu. Kisha wewe nawe umfae mtu usiyemjua, kama ulivyofaliwa.

Na mnapotoa, kumbukeni kuna siku mtapokea. Peleka sinia la futari kwa msafiri kama unayempelekea baba yako. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni ndiye atakayepona.

Sisi wawili tulipotimiza miaka 18, mmoja mwaka 2015 na mwingine mwaka 2017, kila mmoja alikwenda kuchangia damu. Tunaendelea, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, kama inavyoruhusiwa, afya ikiturehemu. Hatujui inakwenda kwa nani. Wala hatutaki kujua. Mdogo wetu mnamjua. Ndiye ustadhi wenu wa darasa la Juzuu Amma, anayechechemea kidogo anapopanda ngazi. Akiwahi kukupa haluwa siku ya khitma, usimwambie umeshiba. Pokea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotufaa bila ya sisi kuwajua, awaongoze waliohai na awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wepesi wa kutoa na wanyenyekevu wa kupokea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wawili, wanafunzi wa zamani wa madrasa